Hisabati ya Lumbesa

Mwaka 2014 kila kata nchini Tanzania ilikuwa inazungumzia maabara. Rais Jakaya Kikwete alikuwa ameagiza kila sekondari ya kata iwe na vyumba vitatu vya maabara: cha fizikia, cha kemia na cha baiolojia. Kaya zikachangishwa, wananchi wakasomba mawe na mchanga, watendaji wa kata wakakosa usingizi. Mimi nilikuwa nafundisha fizikia na hisabati katika shule moja ya kata wilayani Kilolo, mkoani Iringa. Niliwaona akina mama wakipanda mlima na ndoo za maji kichwani ili mafundi wapate kuchanganya zege. Wengi wao hawakuwahi kuingia kwenye maabara maishani, lakini walijua kwamba chumba kile ni cha watoto wao, na hilo liliwatosha kubeba ndoo nyingine.

Majengo yalisimama, tena mazuri. Vilivyochelewa ni vile ambavyo havipigiwi picha siku ya uzinduzi: maji ya bomba, gesi, kemikali, mizani, fundi sanifu wa maabara na, zaidi ya vyote, walimu. Kwa muda mrefu walimu wa sayansi na hisabati tulikuwa wawili kwa shule nzima. Miaka niliyokaa pale imenipa msimamo ambao sijautilia shaka tena: mtoto wa kijijini huelewa hisabati na sayansi pale anapopima kitu kwa mikono yake mwenyewe, akaruhusiwa kuuliza kwa nini, na akawa na mwalimu mwenye nafasi ya kumsikiliza. Fedha, sera na vikao vyetu vyote vipimwe kwa hilo.

Sisemi hivi kuzibeza shule za kata. Kabla ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, mtoto wa mkulima aliyemaliza darasa la saba katika vijiji vyetu alikuwa na nafasi finyu mno ya kuendelea. Ndani ya miaka michache sekondari zikafika karibu kila kata. Mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi Kidato cha Nne, na madarasa yakafurika. Hayo ni mafanikio makubwa, na nina wanafunzi ambao leo ni wauguzi na mafundi umeme kwa sababu tu shule ilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu. Ila idadi ya walimu wa fizikia na hisabati haikukua kwa mwendo ule wa madarasa. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, ambapo takribani watahiniwa sita kati ya kumi walipata sifuri yalipotangazwa mara ya kwanza, yaliitikisa nchi hadi Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume. Na hata miaka ambayo matokeo ya jumla yalikuwa mazuri, hisabati ilibaki mkiani.

Ukitaka kujua kwa nini, usianzie Kidato cha Nne. Anzia wiki za kwanza za Kidato cha Kwanza.

Kila mwaka niliwapokea wanafunzi wapya kwa zoezi fupi, bila kuwatisha kwa alama. Swali moja lilikuwa kujumlisha nusu na theluthi. Sehemu kubwa ya darasa iliandika mbili ya tano: moja na moja ni mbili, mbili na tatu ni tano, kazi imekwisha. Walifuata kanuni waliyoihisi kuwa kanuni. Kuwakaripia hakusaidii, na kuandika utaratibu sahihi ubaoni hudumu hadi kengele inapolia. Nilichokifanya ni kuomba jikoni debe moja na unga wa mahindi. Tukajaza nusu debe, tukaweka alama kwa chaki. Kisha nikauliza: mbili ya tano ya debe ingeishia wapi? Wakagawa kimo cha debe mara tano kwa kamba, wakahesabu mbili, wakaona alama mpya iko chini ya ile ya nusu. Kimya. Halafu mtoto mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, tumeongeza unga, debe likapungua?"

Darasa likacheka, na kuanzia hapo hawakukubali tena jibu lisiloingia akilini. Waliitafuta tano ya sita wenyewe kwa kulipima debe sehemu sita. Yalikuwa masomo ya darasa la tano tuliyokuwa tukiyarudia, na wapo waliosema napoteza muda wa muhtasari wa Kidato cha Kwanza. Sikuupoteza. Mtoto asiyejua sehemu hawezi kujua asilimia, na asiyejua asilimia hawezi kuelewa ukolezi wa myeyusho katika kemia. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliotilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu tangu mwaka 2015 ulilenga kuziba ufa huo mapema, na ni njia sahihi. Lakini kwa mtoto ambaye tayari yuko sekondari na ufa wake, lazima shule itenge muda wa kurudi nyuma naye. Ratiba iruhusu jambo hilo waziwazi, isiwe hisani ya mwalimu mmoja.

Nyanda za juu za Kilolo zinalima viazi mviringo. Msimu wa mavuno, malori hujipanga kando ya barabara ya vumbi, na viazi huuzwa kwa gunia la lumbesa: gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha viazi juu, kikafungwa kwa kamba za katani au neti. Bei ni ya gunia moja. Sheria ya vipimo hairuhusu mfuko wa mazao uzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo amepiga marufuku lumbesa mara nyingi, lakini shambani, mvua inapotishia na lori likiwa moja, mkulima anakubali.

Darasa langu la Kidato cha Nne lilikuwa limefika kwenye ujazo wa maumbo. Mcheduara, pia, tufe: kanuni zilikaririwa, mazoezi ya kitabuni yalihusu matangi na vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kuviona. Mzazi mmoja aliyekuwa anasubiri lori alituruhusu tukapime magunia yake. Tulikwenda na kamba, rula ya mita na madaftari. Walizungusha kamba kwenye gunia, wakapata mzingo, wakautumia kutafuta nusu kipenyo. Walipima kimo cha gunia hadi mdomoni: sentimita 90. Walipima kilemba kutoka mdomoni hadi kileleni: sentimita 45. Wakabishana kama kilemba ni pia au ni nusu tufe iliyobonyea. Tukakubaliana kukihesabu kama pia, ili tusije tukamwonea mnunuzi.

Wengi waliinama kuzidisha kwa 22 juu ya 7. Binti mmoja aliacha kuandika. Akasema hakuna haja ya kuhesabu yote hayo, maana kitako cha pia na kitako cha gunia ni kilekile. Ujazo wa pia ni theluthi ya ujazo wa mcheduara wenye kitako na kimo sawa nayo. Na kimo cha kilemba ni nusu ya kimo cha gunia. Basi kilemba ni nusu ya theluthi. "Sehemu moja ya sita," alisema, kisha akamgeukia mwenye magunia, kwa adabu, kama binti anavyozungumza na mzee: "Kwa hiyo, baba, ukiuza magunia sita, umetoa la saba bure."

Mzee aliyatazama magunia yake kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, kumbe hesabu mnazofundisha ndizo hizi?"

Siku ile lumbesa haikukoma. Mnunuzi alisema asipokubaliwa ataenda kwa jirani, na mkulima mmoja hawezi kulishinda soko peke yake. Lakini wazazi kadhaa walianza kuulizia bei kwa kilo, na kwenye mkutano wa kijiji suala la mizani ya pamoja likazungumzwa na watu waliokuwa na hesabu mkononi. Darasani nako mambo yalibadilika. Sikuulizwa tena hisabati itatusaidia nini. Yule binti, ambaye alikuwa amekwishaambiwa na wengi kwamba hesabu ni za wavulana, akawa ndiye wenzake wanamwendea kabla hawajaja kwangu.

Jambo ninalolisisitiza hapa ni kwamba maisha ya vijijini yamejaa vipimo: debe, kisado, ekari, mwinamo wa paa, dawa ya kunyunyizia nyanya inayochanganywa na lita 15 za maji kwenye bomba la mgongoni. Mtoto anavijua vyote kabla hajamwona mwalimu wa sekondari. Akifika shuleni anaambiwa, bila kutamkiwa, kwamba aliyonayo si elimu. Mwalimu akiyaokota na kuyaingiza kwenye somo, nusu ya kazi imekwisha.

Fizikia inahitaji uangalifu wa aina yake, kwa sababu huko mtoto anakutana na vitu viwili vigeni kwa pamoja, somo na Kiingereza. Amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha ghafla mwendo, nguvu na joto vinakuja kwa lugha ambayo hajawahi kuomba maji kwayo. Nilifundisha pendulamu kwa jiwe na uzi uliofungwa kwenye kizingiti cha mlango wa maabara yetu tupu. Niliuliza kwa Kiingereza ni jiwe gani litakwenda na kurudi haraka, zito au jepesi. Wote wakatazama madaftari. Nikauliza kwa Kiswahili, na ugomvi mzuri ukazuka. Wengi walishikilia zito, na sababu zao walikuwa nazo.

Basi wakapima. Kwa uzi wa mita moja, kwenda na kurudi mara 20 kulichukua sekunde 40, jiwe likiwa kubwa au dogo. Waliorudia kwa kutoamini wakapata vilevile. Kisha tukafupisha uzi hadi robo mita, na saa ya simu ikaonyesha sekunde 20. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Uzi tumeupunguza mara nne, mbona muda umepungua mara mbili tu?" Hilo ndilo swali lililomo ndani ya fomula nzima ya pendulamu, ile yenye kipeuo cha pili ambacho wanafunzi hukikariri bila kujua kimetoka wapi. Alilifikia kwa jiwe, uzi na Kiswahili. Baada ya hapo tuliandika kila kitu kwa Kiingereza, kwa uangalifu, kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza na sina haki ya kumnyima njia ya kufaulu. Huo ndio utaratibu ninaomshauri kila mwalimu wa kijijini: wafikiri na kubishana kwa lugha wanayoimudu, kisha waandike kwa lugha ya mtihani. Vyote viwili vipewe muda kwenye kipindi.

Kwa miaka mingi watahiniwa wa shule zisizo na maabara walipewa mtihani mbadala wa vitendo, yaani walijibu kwa maandishi kuhusu majaribio ambayo hawakuyagusa. Naelewa ulivyozaliwa: hali haikuruhusu vinginevyo. Lakini ulituzoesha wote kuamini kwamba sayansi inaweza kukaririwa, na mazoea hayo bado yanaishi hata kwenye shule zenye maabara zilizofungwa kwa kufuli.

Nchi hii ina mfano wake wa kile kinachoweza kutoka kwa mwanafunzi aliyeachwa agundue. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa inaisha, Mpemba akaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyokuwa yamepozwa. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye kuulizauliza kwake kukageuzwa mzaha darasani. Hakuacha. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri aliyekuja kutoka chuo kikuu Dar es Salaam: kwa nini maji ya nyuzi 100 yagande kabla ya maji ya nyuzi 35 katika vyombo sawa? Wenzake walimcheka. Osborne akaahidi kulijaribu, akalijaribu kweli, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Leo wanasayansi duniani wanalijadili jambo hilo kwa jina la Mpemba, na mjadala haujafungwa.

Nimesomea ualimu Mkwawa hiyohiyo, baada ya kufanywa chuo kikuu kishiriki cha elimu, na niliwasimulia wanafunzi wangu habari hii kila mwaka. Niliwaonyesha mambo mawili. La kwanza, aliyegundua ni kijana wa shule aliyekuwa na maziwa, sukari na jokofu. La pili ni letu sisi walimu: swali lile liliishi kwa sababu mtu mmoja mwenye elimu alikuwa na unyenyekevu wa kusema, ngoja tujaribu. Shuleni kwetu niliweka daftari la maswali kwenye meza ya mbele. Lisilojibika leo liliandikwa, na kila wiki tulichagua moja la kulifanyia jaribio. Daftari halina gharama. Kinachotakiwa ni mwalimu asiyeogopa swali.

Na mwalimu huogopa swali anapokuwa peke yake. Hili halisemwi vya kutosha. Mwalimu wa fizikia wa shule ya kata mara nyingi ndiye mwalimu wa fizikia pekee ndani ya kilomita nyingi. Ana vipindi vya vidato vyote vinne, anasahihisha madaftari mamia, amepanga chumba kwa mwenyeji, na mada iliyomshinda chuoni hana wa kumuuliza. Ndiyo maana wengi huomba uhamisho mapema. Kilichoniweka mimi ni mikutano ya Jumamosi tuliyoianzisha na walimu wa sayansi wa kata jirani. Kila aliyekuja alileta mada inayomsumbua. Mmoja alijua logariti vizuri, mwingine umeme, mwingine alikuwa na bureti ambayo shule zote tulikuwa tunaiazima. Mkuu wetu wa shule alikubali nauli ya bodaboda itoke kwenye fungu la uendeshaji, na uamuzi huo mdogo ulikuwa na faida kuliko semina nyingi za hotelini.

Serikali imekwisha kulipatia jambo hili umbo rasmi kupitia MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo yanawataka walimu kukutana shuleni na kujifunza pamoja. Kenya ilianza mapema: mradi wa SMASSE, kwa ushirikiano na Japani kupitia shirika lake la JICA, ulianza mwaka 1998 ukilenga kuwatoa walimu wa sayansi na hisabati kwenye kuhutubia na kuwaingiza kwenye vitendo. Na mwaka 2019 mwalimu wa hisabati na fizikia wa Sekondari ya Keriko, kijijini Pwani katika kaunti ya Nakuru, Peter Tabichi, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani yenye thamani ya dola milioni 1. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kusuasua. Wanafunzi wake walikuwa wamebuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu. Aliipanua klabu ya sayansi ya shule, akawatembelea wanafunzi majumbani, akawafundisha wenye shida mwishoni mwa wiki. Yote hayo ni mambo ambayo mwalimu anaweza kuyafanya akipewa muda na moyo, na ndiyo yanayokwama anapobebeshwa mzigo wa watu watatu.

Kwa hiyo fedha zinapopatikana, naomba ziende kwa mpangilio huu. Kwanza nyumba ya mwalimu wa sayansi karibu na shule, ili akae. Pili fungu la kila muhula la kemikali na vifaa vinavyokwisha, kwa sababu maabara ni ya kuendeshwa, haiishi siku ya kukata utepe. Tatu fundi sanifu, hata kama atahudumia shule mbili au tatu. Nne nauli ya walimu kukutana. Vishikwambi na runinga za darasani vije baada ya hapo, na vitakuta mikono ya kuvitumia.

Wazazi nao wana nafasi kubwa kuliko wanavyodhani. Wale waliobeba maji ya zege mwaka 2014 walikwishalipa haki ya kuuliza. Ukihudhuria kikao cha shule, usiishie kuuliza ufaulu ni asilimia ngapi. Uliza wanafunzi wa Kidato cha Pili walifanya jaribio kwa mikono yao lini mara ya mwisho. Uliza mwalimu wa hisabati ana vipindi vingapi kwa wiki, na anaishi wapi. Uliza ni wasichana wangapi waliendelea na fizikia walipoingia Kidato cha Tatu, na walioiacha waliiacha kwa ushauri wa nani. Mkuu wa shule mwenye majibu mazuri atafurahi kuulizwa. Asiye nayo atakuwa amepata wazazi wa kwenda naye halmashauri kuyadai, na ombi lililosainiwa na kijiji kizima ni gumu kuliweka kando kuliko barua ya mwalimu mmoja.